Miwani ya polaraizi ya kuvulia: kijivu au shaba, kioo au plastiki?

Miwani yangu ya kwanza ya kuvulia niliichagua kwa weusi wake. Nilijaribu tatu, nikachukua iliyokuwa na giza kuliko zote, kwa hesabu kwamba jua la majini ni kali, basi kadiri lenzi inavyokuwa nyeusi ndivyo itakavyonisaidia. Saa sita mchana ilinifaa kweli. Saa kumi na mbili jioni, samaki ndio kwanza wanasogea pembeni kutafuta chakula, mimi nilikuwa nimeipandisha kwenye paji la uso na kukodoa macho, maana nikiivaa sioni hata boya langu. Mwenzangu alikuwa hatua chache kutoka niliposimama, amevaa miwani yenye lenzi za rangi ya shaba, akawa ananielekeza: "Yuko pale, ubavuni mwa lile jiwe." Jiwe lenyewe sikuliona.

Mimi nilikuwa nimenunua kinga ya jua. Yeye alikuwa amenunua kifaa cha kuonea ndani ya maji. Miwani zote mbili zilikuwa za polaraizi, yaani zenye utando wa kukata mng'ao wa maji, na ukiziweka mezani huwezi kusema ipi ni bora. Ndiyo maana sitalinganisha majina ya watengenezaji hapa. Nitalinganisha mambo machache ambayo mnunuzi lazima ayaamue, na karibu yote yanaamuliwa na maji unayovulia na saa unayovua.

Polaraizi na lenzi nyeusi ya kawaida

Mwanga wa jua ukigonga maji, sehemu yake huzama na sehemu huruka kurudi hewani. Ule unaozama ndio unaomulika samaki, mawe na mwani, kisha ukakuletea habari zao. Ule unaoruka ndio mng'ao, nao hauna habari yoyote isipokuwa kwamba jua linawaka. Bahati ya mvuvi ni kwamba mianga hii miwili haitetemeki namna moja: ulioruka hutetemeka zaidi kwa ulalo, sambamba na uso wa maji. Mfaransa Étienne-Louis Malus aligundua tabia hiyo ya mwanga ulioakisiwa mwaka 1808, alipotazama kwa kupitia fuwele jua lililokuwa likiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg mjini Paris. Mskoti David Brewster akaeleza kanuni ya pembe zake mwaka 1815. Wavuvi walingoja zaidi ya karne moja baada ya hapo, hadi Mmarekani Edwin Land alipopata njia ya kuitengeneza polaraizi kama utando mwembamba, na kuiombea hataza mwaka 1929. Utando wa namna hiyo ndio uliomo kwenye lenzi: humeza mwanga unaotetemeka kwa ulalo na kuupitisha wa wima.

Lenzi nyeusi isiyo na utando hupunguza kila kitu kwa kipimo kimoja, mng'ao na samaki pamoja. Ni sawa na kutia pazia kwenye dirisha lenye vumbi ukitarajia vumbi litoke. Kwa kuona ndani ya maji, basi, hapa hakuna mashindano.

Ila polaraizi nayo ina mipaka, na wauzaji hawaitaji. Hufanya kazi vizuri kabisa katika pembe moja, pale mwanga unapoanguka majini kwa nyuzi 53 hivi kutoka kwenye mstari wa wima. Huhitaji kipima pembe. Chukua kimo cha macho yako juu ya maji, zidisha kwa 1.33, na huo ndio umbali ambao mng'ao karibu wote hufutika. Macho yakiwa mita 1.7 juu ya maji, ni kama mita 2.3 mbele yako. Ukisimama juu ya jabali na macho yakafika mita 3, umbali huo unakuwa mita 4. Mbele zaidi nguvu inapungua polepole. Kwa yule wa mita 1.7, maji yaliyo mita 10 mbele bado yatang'aa, kwa sababu mwanga unaokuja kwa mlalo mkali vile huakisiwa kwa mitetemo yote miwili, na utando hauwezi kuumeza ule wa wima. Kwa hiyo kabla hujatafuta lenzi ghali zaidi, tafuta mahali pa juu pa kusimama. Nimeona watu wameketi ndani ya mtumbwi na miwani nzuri sana, wakilalamika kwamba haioneshi kitu. Kumbe wangesimama tu, au wangetazama karibu.

Kitu kingine: polaraizi haisafishi maji. Mto ukiwa umejaa tope baada ya mvua, rangi ya udongo mtupu, miwani itaondoa mng'ao wa juu na chini yake utaona udongo. Anayevua maji ya namna hiyo mwaka mzima, kwa chambo kilichotulia chini, hapotezi mengi akivaa miwani ya kawaida yenye kinga nzuri ya macho. Polaraizi itampa raha ya macho tu, na raha ni kitu, lakini asiinunue kwa kutarajia kuona samaki.

Pia haisahihishi kina. Maji hupinda mwanga, na samaki unayemtazama kutoka juu huonekana kwenye robo tatu hivi ya kina chake halisi. Aliye mita 1 chini utamwona kama yuko sentimita 75. Kwa miwani au bila miwani, ni hivyo hivyo.

Kinga ya macho ni jambo jingine kabisa

Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Polaraizi hushughulika na mng'ao. Miali ya urujuanimno, ile isiyoonekana, huzuiwa na kitu kingine, ama mata yenyewe ya lenzi ama dawa iliyotiwa ndani yake. Lenzi inaweza kuwa na polaraizi safi na kinga hafifu, au kinga kamili bila polaraizi. Weusi nao haupimi chochote. Tena lenzi nyeusi isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kukaa macho wazi, kwa sababu gizani mboni hupanuka na kuipokea miali zaidi. Unachotafuta ni maandishi UV400, yaani lenzi inazuia miali yote hadi urefu wa mawimbi wa nanomita 400. Mvuvi hupigwa na miali kutoka juu na kutoka majini, miaka kwa miaka, na mtoto wa jicho na ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho ikitambaa kuelekea mboni ni maradhi yanayohusishwa na jua la namna hiyo. Kwenye jambo hili sina ulinganisho. Miwani isiyosema lolote kuhusu kinga, irudishe rafuni.

Rangi: hapa ndipo penye uamuzi

Ukiuliza wavuvi watano utapata majibu matano, na pengine wote wana haki, kwa sababu kila mmoja anajibu kwa maji yake.

Kijivu hupunguza rangi zote kwa usawa. Buluu inabaki buluu, kijani inabaki kijani, ila kila kitu kimepozwa. Kwenye maji ya kina kirefu, mbali na ufuko, chini hakuna cha kutazama. Jicho linafuata ndege wanaorukia maji, mti unaoelea, mstari ambapo maji ya rangi moja yanakutana na maji ya rangi nyingine. Jua nalo halina kivuli cha kulikwepa. Kijivu chenye giza hapo ni sahihi, na kuanzia asubuhi hadi alasiri hakichoshi macho. Udhaifu wake ni uleule wa usawa wake: hakimtengi samaki wa kijivu na changarawe ya kijivu.

Shaba, kahawia na kaharabu ni ndugu wa nyumba moja. Wote hukata sehemu kubwa ya mwanga wa buluu. Mwanga wa buluu ndio hutawanyika zaidi hewani na majini, na mtawanyiko huo ndio ule ukungu mwembamba unaofifisha kingo za vitu. Ukiupunguza, kivuli cha samaki kinajichora juu ya mchanga, shina la mwani linatengana na mgongo wa samaki, na ule mpaka ambapo maji mafupi yanageuka kilindi unaonekana kama umechorwa kwa kalamu. Kwa maji mafupi, kwa mto wenye mawe, kwa kingo zenye mwani na kwenye matumbawe, hii ndiyo rangi. Gharama yake ni kwamba dunia nzima inakuwa ya jioni: anga linageuka rangi ya chai, na mtu mgeni huhisi ajabu kwa saa ya kwanza. Baada ya hapo unasahau. Mimi nilisahau kiasi kwamba nikiivua miwani mchana ninaona dunia imepauka.

Kati ya hao ndugu, kaharabu ndiyo nyepesi na shaba ndiyo yenye wekundu zaidi. Tofauti ipo, lakini usikose usingizi kwa ajili yake. Kutoka kijivu kwenda shaba ni safari. Kutoka shaba kwenda kahawia ni kuvuka chumba.

Kijani kiko katikati, kinahifadhi rangi karibu kama kijivu na kuongeza utengano kidogo. Kinafaa, wala sijawahi kukikosa.

Njano inastahili maelezo kidogo, kwa sababu inauzwa kama rangi ya alfajiri na magharibi. Ni kweli inaifanya nuru hafifu ionekane changamfu. Lakini kuna jambo ambalo rangi haiwezi kulibadilisha: utando wa polaraizi, hata uwe mkamilifu, hupitisha nusu tu ya mwanga wa kawaida, kwa sababu nusu nyingine utando wenyewe huimeza. Hakuna lenzi ya polaraizi iliyo nyeupe. Njano itakuongezea nusu saa ya kuona kila upande wa mchana, pengine kidogo zaidi. Giza likishika kweli, mvuvi huvua miwani ili avue samaki.

Hilo linatuleta kwenye daraja za weusi, ambazo huandikwa kwa namba ndogo upande wa ndani wa mkono wa miwani na watu hawazisomi. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-1, daraja la 2 hupitisha kati ya asilimia 18 na 43 ya mwanga, daraja la 3 kati ya 8 na 18, na daraja la 4 kati ya 3 na 8 tu. Miwani yangu ile ya kwanza, nilikuja kuisoma baadaye, ilikuwa ya 4. Daraja hilo limekusudiwa theluji ya milimani na bahari yenye jua lisilovumilika, na ni marufuku kuendeshea gari. Karibu miwani zote za polaraizi za kuvulia ni za 2 au 3, na kati ya hizo mbili ndipo pa kuchagua: 3 kwa anayevua mchana mahali peupe, 2 kwa anayewahi alfajiri, anayevua chini ya miti au kwenye mawingu. Unayerudi nyumbani kwa gari au pikipiki giza likiingia, kumbuka kwamba lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 haifai kuendeshea magharibi wala usiku, na hapo polaraizi zote zimeanguka.

Zipo pia lenzi zinazobadilika zenyewe, zikikolea juani na kupauka kivulini. Kwa mto unaopita msituni, dakika hii jua dakika ile kivuli, zina mantiki. Ila hukolea upesi na kupauka taratibu, joto kali huzizuia zisikolee vya kutosha, na ndani ya gari hazikolei inavyotakiwa kwa kuwa kioo cha mbele huzuia miali inayoziamsha. Binafsi naona fedha hiyo ingenunua miwani mbili.

Na ule mng'aro wa nje, wa buluu au kijani au dhahabu kama kioo cha kujitazamia? Unapunguza mwanga kidogo zaidi, basi. Rangi ya nje siyo rangi unayoiona ukivaa. Miwani mbili zenye mng'aro wa buluu zinaweza kuwa moja kijivu ndani na nyingine shaba ndani, na hapo watu hununua wasichokitaka. Iweke juu ya karatasi nyeupe uitazame kutokea upande wa ndani. Rangi utakayoiona kwenye karatasi ndiyo unayoinunua.

Lenzi ya nini?

Namba mbili zinasaidia hapa. Ya kwanza ni uzito wa mata yenyewe kwa sentimita moja ya ujazo. Ya pili ni namba ya Abbe, inayopima jinsi lenzi inavyoepuka kuutawanya mwanga kuwa rangi za upinde. Namba kubwa ni picha safi zaidi, hasa pembeni mwa lenzi. Kwenye jedwali, CR-39, Trivex na polikaboneti zote ni aina za plastiki.

| Mata | Uzito (g) | Namba ya Abbe | Ikigongwa | Ikikwaruzwa |
|---|---|---|---|---|
| Kioo | 2.5 | 58 hivi | huweza kuvunjika | huvumilia sana |
| CR-39 | 1.32 | 58 hivi | wastani | wastani |
| Trivex | 1.11 | 43 hadi 45 | huvumilia sana | wastani, ikiwa na tabaka la kinga |
| Polikaboneti | 1.20 | 30 hivi | huvumilia sana | dhaifu bila tabaka la kinga |

Kioo, ukikiangalia kwa jicho tu, kinashinda. Mstari ni mkali hadi ukingoni, chumvi na mchanga vinakipita bila kuacha alama, na baada ya miaka bado kinaonekana kipya. Kisha unaivaa miwani saa sita mfululizo, pua inaanza kukudai. Kioo kina uzito maradufu ya polikaboneti, na kwenye jua kali, uso ukitoka jasho, kila gramu huteleza.

Lakini uzito siyo hoja yangu kuu dhidi yake. Hoja ni ndoana. Anayevua kwa kutupa mshipi anarusha chuma chenye ncha na chubwi ya risasi karibu na uso wake mamia ya mara kwa siku, na walio jirani naye wanafanya vivyo hivyo. Ndoana iliyonasa ikikwanyuka ghafla wakati mshipi umevutwa kama uta, chubwi inarudi ilikotoka, na ilikotoka ni kwako. Iliwahi kunijia hivyo. Ilipiga lenzi ya kushoto, ikaacha kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele kwenye plastiki, na jicho likabaki zima. Lenzi ilikuwa ya polikaboneti. Sitaki kujua ingekuwaje kwa kioo, ingawa vipo vioo vilivyoimarishwa.

Kwa hiyo ninavyopima: anayevua kwa nyavu, au anayetafuta samaki kwa macho kutoka kwenye chombo huku wengine wakitupa upande mwingine, kioo kinamfaa na atakipenda. Anayetupa mshipi mwenyewe avae polikaboneti au Trivex. Trivex ni nyepesi, inavumilia kugongwa na picha yake ni safi kuliko ya polikaboneti, ila haipatikani kirahisi. Nailoni, ambayo baadhi ya watengenezaji huitumia, ina tabia za karibu na hapo. Mawaa ya polikaboneti kwenye rangi za pembeni yapo, lakini huonekana zaidi kwenye lenzi nene za macho mabovu. Kwenye lenzi nyembamba isiyo na namba ya kurekebisha macho, wengi hawatayaona maisha yao yote.

Halafu kuna lenzi za TAC, ambazo ndizo zilizojaa kwenye miwani za bei ya chini. Ni tabaka nyembamba za plastiki zilizogandishwa pamoja, na utando katikati. Polaraizi yake inaweza kuwa nzuri kushangaza, tena kwa anayeanza, anayetaka kujua kama jambo hili linamfaa, sioni aibu ya kuanzia hapo. Shida yake ni maisha mafupi. Hukwaruzika kwa kufutwa tu, na ukiisahau ndani ya gari lililofungwa juani, tabaka zinaanza kuachana kuanzia pembeni, malengelenge yanaingia, na hapo hakuna fundi.

Fremu, ambayo watu huichagua kwa kioo cha kujitazamia

Lenzi nzuri kwenye fremu mbaya ni kazi bure, na nasema hivi kwa sababu ndilo kosa la pili nililolifanya. Mwanga unaoingia kwa ubavuni au nyuma ya mvuvi aliyelipa jua mgongo hugonga upande wa ndani wa lenzi na kumrukia jichoni. Unajikuta unatazama taswira ya shavu lako mwenyewe badala ya maji. Kwa kuwa mvuvi mara nyingi husimama jua likiwa nyuma yake ili aone vizuri, jambo hili linamtokea kila siku. Tafuta fremu inayopinda kuufuata uso, yenye mikono mipana kwenye pembe ya jicho, na ikiwezekana lenzi zenye tabaka la kuzuia mwakisiko upande wa ndani. Kofia yenye ukingo mweusi kwa chini huongeza nusu ya faida. Ukingo mweupe wa chini huakisi maji moja kwa moja kwenye miwani.

Fremu iliyobana mno nayo ina kisasi chake, ukungu. Hewa isipopita, jasho linageuka mvuke kwenye lenzi wakati uleule samaki anapovuta. Kati ya kuziba kabisa na kupitisha hewa kidogo, mimi huchagua kupitisha hewa.

Ijaribu hivi: ivae, inamisha kichwa kama unafunga ndoana, kisha kitikise. Ikishuka hata kidogo ukiwa mkavu, ukitoka jasho itakuwa majini. Mpira laini kwenye pua na mwishoni mwa mikono ndio unaoizuia. Kamba ya shingoni ni ya lazima hata hivyo, kwa sababu miwani nyingi huzama. Zipo fremu zinazoelea, na kwa anayevua akiwa kwenye mtumbwi ni sifa inayotosha kuamua kati ya mbili zinazofanana. Fremu za chuma zenye springi kwenye bawaba, kwenye maji ya chumvi, kaa nazo mbali.

Wenye miwani ya namba

Una njia tatu. Ya kutengenezewa lenzi za polaraizi zenye namba yako ndiyo bora kwa kuona, lakini fremu zilizopinda sana hazipendi namba kubwa: picha hupindika pembeni, na fundi mwaminifu atakuambia uchague fremu iliyonyooka zaidi. Miwani kubwa ya kuvaa juu ya ile uliyonayo inaonekana ya ajabu, ila inaziba mwanga wa pembeni kuliko zote, na ukibadilisha namba huitupi. Vibandiko vya kubana mbele ya lenzi ni vyepesi na vinatosha, ila vinaacha mwanga uingie kati ya lenzi mbili na vinapenda kudondoka.

Aliyefika umri wa kusogeza kitabu mbali ili asome ana tatizo jingine: anamwona samaki vizuri, kisha hawezi kupitisha mshipi kwenye tundu la ndoana. Kwa huyo kuna miwani za polaraizi zenye kipande kidogo cha kukuzia chini ya lenzi. Aivae na kuijaribu kabla ya kununua, maana kipande kikikaa juu mno kitamsumbua macho kila anapotazama miguu yake mtoni.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Ile kadi yenye picha iliyofichwa, inayotokea ukivaa miwani, inathibitisha tu kwamba polaraizi ipo. Haisemi ni nzuri kiasi gani. Washa simu, weka skrini nyeupe, ishike miwani mbele yake na uizungushe taratibu. Skrini nyingi zitafika mahali zikawa nyeusi au zikafifia sana. Sasa tazama lenzi zote mbili kwa pamoja: zinapaswa kufifia kwa wakati mmoja. Moja ikitangulia nyingine, utando wake umewekwa mshazari, na macho yako yatagombana siku nzima bila wewe kujua kichwa kinakuuma kwa nini. Kwa miwani za bei nafuu kosa hili si la nadra.

Kisha inyooshe mbele kwa urefu wa mkono, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi, na uisogeze juu na chini. Ukingo ukipinda au kucheza kama nyoka, lenzi ina kasoro. Mwisho toka nje nayo, utafute kitu chochote kinachong'aa, dimbwi au boneti ya gari, ulaze kichwa begani na kukiinua. Mng'ao unapaswa kwenda na kurudi. Jaribio hilo hilo litakukumbusha kwamba majini unaweza kuinamisha kichwa kidogo na kupata pembe nzuri zaidi pale mawimbi yanapouinamisha uso wa maji.

Kama chombo chako kina kifaa cha kutafutia samaki chenye skrini, itazame ukiwa umevaa. Baadhi ya skrini huzimika kabisa mbele ya polaraizi zikikaa kwa pembe fulani, na ni heri ulijue hilo ukiwa bado unaweza kuihamisha.

Ukishainunua, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuifuta. Chumvi iliyokauka ni mchanga, na shati lako ni msasa. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET hula plastiki za fremu na tabaka za lenzi, basi paka, nawa mikono, ndipo ushike miwani.

Ningechukua ipi

Kwa anayetaka moja tu, anayevua kingo na maji mafupi, wakati mwingine mto, wakati mwingine ziwa: shaba, polikaboneti, mwanzo wa daraja la 3 au mwisho wa daraja la 2, fremu iliyopinda yenye mikono mipana. Kwa anayelala na kuamkia kilindini: kijivu, daraja la 3, na kioo kama hatupi ndoana mwenyewe. Anayeweza kununua mbili anunue shaba ya mchana na kaharabu au njano ya daraja la 2 kwa alfajiri, wala asihangaike na kijivu mpaka atakapopanda chombo cha baharini.

Ile yangu ya kwanza, ya daraja la 4, bado ninayo. Humkopesha mgeni anayekuja kutazama tu, akae kivulini, asiulizwe samaki yuko wapi.